Hatua Ipi Ibaki, Ipi Iondoke
Mwongozo wa kuupunguza mchezo wa karata bila kuuharibu

Sikukuu moja ya Idi, sebuleni kwa shangazi yangu huko Tanga, nilitandaza karata 21 mkekani na kumwomba achague moja moyoni. Nikagawa safu tatu, akanionyesha safu yake. Nikakusanya, nikagawa tena, akanionyesha tena. Nilipokuwa nagawa mara ya tatu, mtoto akaja kuomba soda. Shangazi akainuka, akarudi, akaziangalia zile safu kwa muda mrefu. "Baba," akaniambia kwa upole, "karata yangu nimeisahau."

Mikono yangu haikukosea popote, na hesabu ilikuwa sawa. Lakini mchezo ulikufa pale pale, na waliokuwa wanatazama wakaligeukia sinia la biriani. Tangu siku ile, kila mchezo ninaojifunza naupitisha kwenye swali moja: hatua hii namfanyia mtazamaji, au najifanyia mimi?

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua tayari mchezo mmoja au miwili ya karata, uliofundishwa na binamu, na rafiki wa bwenini, au uliouona kwenye simu. Huhitaji mikono ya ajabu. Unahitaji seti ya karata, kalamu, simu yenye kamera, na mtu mmoja ambaye hajauona mchezo wako.

KISANDUKU: Maneno ya mkekani
- Kuchanga: kuzichanganya karata.
- Kukata: kuinua sehemu ya juu na kuiweka chini, mpangilio ukabaki vilevile kwa mzunguko.
- Kulaza: kuweka karata uso chini.
- Ree: karata ya moja. Kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pao ni nyeusi. Majina haya manne tuliyapata kwa Wareno, na wazee wengi wa pwani huyatumia hadi leo.

## Kwanza, kwa nini hatua zina gharama

Wewe unajua mchezo unaelekea wapi, mtazamaji hajui. Kwako, kugawa mara tatu ni safari fupi kwa sababu unauona mwisho wake. Kwake ni kazi: ashike karata moja kichwani, aitafute upya kila mara inapohama, ajibu maswali yako, na azuie mawazo yasiende kwenye chai inayopoa. Ukimwongezea jambo moja juu ya hayo, unakula akiba yake ya utulivu, na akiba hiyo ni ndogo.

Gharama ya pili ni shaka. Mtu akiona tendo lisilo na sababu, haliachi lipite hivi hivi. Atajiuliza kwa nini ulikusanya kwa mpangilio ule, au kwa nini ulihesabu kimoyomoyo. Ndiyo maana mchezo wa karata 21, ukichezwa kama wengi wanavyoucheza, huishia kwa mtu kusema, "Hiyo ni hesabu tu." Amesema kweli. Hatua zenyewe zimemwambia.

Msikilize mtazamaji anavyomsimulia mwenzake kesho yake. Atasema: "Nilichagua karata, nikazichanga mwenyewe, akaitaja." Sentensi moja. Kila ulichofanya ambacho hakimo katika sentensi hiyo lazima kiwe kimeifanya iwe ngumu kuaminika, au iwe tamu kuingojea. Kisichofanya lolote kati ya hayo mawili ni mzigo.

## Kazi nne za hatua

Hatua yenye kazi hufanya moja au zaidi kati ya kazi hizi:

Kufunga mlango (F). Inamwondolea mtazamaji maelezo fulani. Akichanga mwenyewe, hawezi tena kusema ulizipanga. Juan Tamariz, gwiji wa karata kutoka Hispania, amejenga mafundisho yake mengi juu ya jambo hili: mtazamaji hutafuta njia za kueleza alichokiona, zikiwemo zisizo sahihi, na mchezaji huzifunga moja moja kabla ya kumfikisha mwisho.

Kuachanisha (A). Inaweka umbali kati ya tendo la siri na matokeo. Mhispania mwingine, Arturo de Ascanio, aliliita jambo hili mabano ya usahaulifu: muda mfupi unaomfanya mtu asiliunganishe lile la mwanzo na lile la mwisho.

Kuamsha hamu (H). Inamfanya aegemee mbele.

Kunisaidia mimi (M). Bila hatua hii siri haifanyi kazi, lakini mtazamaji hapati chochote.

Tatizo linakaa kwenye M. Hatua za M huwezi kuziondoa zote, maana nyingine ndizo uti wa mgongo wa siri. Unachoweza ni kuzipunguza, na kila inayobaki kuivisha sababu ambayo mtazamaji anaielewa.

## Karata 21 zikipasuliwa

Tuuchukue mchezo huu kwa sababu karibu kila mtu ameuona. Hivi ndivyo unavyochezwa kwa kawaida:

1. Mtazamaji anachagua karata moyoni kati ya 21.
2. Unagawa uso juu safu tatu za karata saba saba, ukienda kushoto, katikati, kulia, kisha unashuka mstari unaofuata.
3. Anakuonyesha safu ilipo karata yake.
4. Unakusanya, safu hiyo ikikaa katikati ya zile mbili.
5. Unarudia hatua ya 2 hadi 4.
6. Unarudia mara nyingine.
7. Unahesabu hadi karata ya 11. Ndiyo yake.

Kabla ya kukata chochote, elewa kinachotokea. Safu ya kwanza ikitajwa, karata 21 zimekuwa 7, na ukiziweka katikati zinashika nafasi ya 8 hadi ya 14. Ukigawa tena, saba hizo zinasambaa kwenye safu zote tatu, mbili au tatu kila safu, na zote zinaangukia mstari wa tatu, wa nne au wa tano. Akitaja safu mara ya pili, zimebaki mbili au tatu tu. Ukikusanya, zinashika nafasi ya 10, 11 au 12. Ukigawa mara ya tatu, nafasi hizo tatu zote zinaangukia mstari wa nne, moja kila safu.

Tazama hapo kwa makini. Zichukue karata sasa hivi uthibitishe kwa mikono yako. Mara tu anapokuonyesha safu kwa mara ya tatu, karata yake ni ya nne katika safu hiyo, katikati kabisa, na iko uso juu mbele ya macho yako. Unaijua. Kukusanya kwa mara ya tatu kwa mpangilio na kuhesabu hadi 11 havikuongezei chochote. Ni hatua mbili ambazo hata wewe huzihitaji, na ndizo zinazopiga kelele "hesabu!"

Sasa usikimbilie kuinyooshea kidole karata ya nne. Nilijaribu hivyo, na mshangao ulikuwa mdogo. Mtazamaji ametoka kukuonyesha safu yenye karata saba, nawe unachomoa moja hapo hapo, kwa hiyo tendo la siri na matokeo vimegandana. Umekata hatua mbili ukasahau kwamba mchezo bado hauna A hata moja.

Dawa yake inanifurahisha kila ninapoifundisha. Kwa kuwa sasa unaijua karata kwa macho, huhitaji tena mpangilio wowote. Mpe azichange.

Toleo lililopunguzwa

1. Mpe mtazamaji karata 21 mkononi. Achomoe moja, awaonyeshe waliokaa naye, airudishe, azichange apendavyo. Wewe geuka pembeni. (F)
2. Gawa safu tatu uso juu. Mwambie: "Nitayatazama macho yako. Tafuta karata yako, lakini jaribu yasiishie juu yake." Akuonyeshe safu. (M, iliyovishwa sababu)
3. Kusanya bila haraka, safu yake katikati. Gawa tena. "Safari hii anza kutazama safu ambayo si yako." Akuonyeshe.
4. Kusanya vilevile, ugawe mara ya tatu. Anapokuonyesha safu, itupie jicho karata ya nne mara moja tu, kisha mtazame yeye usoni.
5. Zisukume karata zote pamoja ovyo, umpe. "Zichange mpaka uridhike. Mpe na jirani yako azichange." (F na A kwa pamoja)
6. Karata zibaki mikononi mwake, wewe usiziguse tena. Taja rangi: "Nyekundu." Nyamaza. "Si uru. Ni kopa." Nyamaza. "Saba." (H)

Ukihesabu matendo, toleo hili si fupi sana kuliko la kwanza. Tumetoa kuhesabu, tukaongeza kuchanga mara mbili na kutaja kwa vipande. Lakini kilichoongezwa kinamhusu yeye. Kugawa mara tatu, kulikokuwa kazi ya sokoni, kumekuwa mchezo wa macho kati yenu wawili, na mtu hachoki kujaribu kukuficha kitu. Nilipomrudia shangazi na toleo hili, alizichanga, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, akaniambia, "Haya, sema." Nilipofika kwenye "kopa" alikuwa tayari ameshika mdomo.

KISANDUKU: Karata ngapi?
- Karata 9, safu tatu za tatu tatu: kugawa mara 2, karata yake ni ya 2 katika safu.
- Karata 15, safu za tano tano: kugawa mara 3, ni ya 3.
- Karata 21, safu za saba saba: kugawa mara 3, ni ya 4.
- Karata 27, safu za tisa tisa: kugawa mara 3, ni ya 5.

Karata 15 achana nazo: jasho ni lile lile la 21, na mshangao ni mdogo. Kwa watoto wa miaka sita au saba tumia 9, kwani wanachoka upesi na wanasahau upesi zaidi. Karata 27 zinataka mkeka mpana.

Hizo 27 zina siri yake nzuri. Mwanahisabati wa Ufaransa Joseph Gergonne, aliyeishi karne ya 18 na 19, alionyesha kwamba ukichagua kila mara fungu la mtazamaji likae juu, katikati au chini, unaweza kuipeleka karata yake kwenye nafasi yoyote kuanzia 1 hadi 27. Hapo kuhesabu kunapata haki ya kubaki, endapo mtazamaji ndiye aliyetaja namba mwanzoni. Amesema 16, mnahesabu pamoja, ya 16 ni yake: kila karata inayowekwa chini inamsogeza karibu na jambo analolingoja. Ukichagua namba wewe, kuhesabu kunarudi kuwa mzigo.

## Hatua inayorefusha mchezo na kuupa uhai

Usidhani mwongozo huu unasema fupi ndiyo nzuri. Chukua mchezo wa karata jirani. Chungulia karata ya chini kabisa, tuseme tisa ya pao. Mtazamaji achague yoyote, aiweke juu ya seti, kisha akate: ainue sehemu ya juu, aiweke mezani, ya chini aifunike juu yake. Tisa ya pao sasa imeilalia karata yake. Ukifunua moja moja kutoka juu, inayofuata tisa ya pao ndiyo yake. (Tisa ya pao ikiwa ya mwisho kabisa, yake ilikuwa ya kwanza. Ikumbuke ile ya kwanza daima.)

Kwa upande wa siri, ungeweza kusimama hapo. Kwa mtazamaji, endelea:

1. Funua karata moja moja mezani, kila moja ikionekana kidogo. Ukifika kwenye yake, ipite. Mkono usisite.
2. Funua nyingine tatu au nne juu yake. Walioijua karata yake wataanza kutazamana. Wacha watazamane.
3. Shika inayofuata ikiwa imelala, usiigeuze. Sema: "Karata nitakayoigeuza sasa ni yako."
4. Akikataa, tulia. Rudisha mkono mezani, ivute karata yake kutoka kwenye rundo, uigeuze kifudifudi.

Kwa upande wa siri, hatua hizo nne hazina kazi. Kwa chumba, ndizo mchezo wenyewe. Zina masharti mawili. Usiwahi kuzifanya kwa dau la pesa, maana hapo umemtapeli mtu. Na ukigeuza, tabasamu naye. Mtu aliyefedheheshwa mbele ya wakwe zake hatakumbuka karata, atakumbuka fedheha.

Kukata nako kuna somo. Kukata seti hakuharibu ujirani wa karata mbili, hata mkikata mara kumi. Ukikata wewe, mara ya pili ni kelele. Akikata yeye, mara ya pili na ya tatu vinafunga mlango. Tendo ni lile lile. Mkono wa nani ndio unaoamua kama lina thamani.

Vivyo hivyo kurudia. Mwanamazingaombwe maarufu Houdini alikuwa akijigamba kwamba mchezo akionyeshwa mara tatu ataujua. Mwaka 1922, mjini Chicago, mchezaji mwenzake Dai Vernon alimwonyesha karata iliyowekwa chini ya ile ya juu ikapanda tena juu, akarudia tena na tena, na Houdini hakuing'amua. Marudio yana faida pale kila moja linapoziba maelezo ambayo mtazamaji ameyashika dakika iliyopita. Marudio yasiyoziba kitu yanampa mtazamaji nafasi ya pili ya kukuvizia.

## Fanya hivi na mchezo wako

1. Jirekodi. Simamisha simu mahali pa mtazamaji, cheza mchezo wote pamoja na maneno yako. Usijitazame mikono tu, sikiliza unachosema.
2. Andika kila tendo, hata dogo: "nimesawazisha karata", "nimesema tafadhali subiri", "nimezihamishia mkono wa kushoto". Utashangaa orodha ilivyo ndefu.
3. Weka herufi pembeni: F, A, H au M. Tendo lisilopata herufi lifute leo.
4. Pita kwenye kila M na uulize kwa mpangilio huu: Inaweza kuondoka? Inaweza kufanyika kabla hawajaanza kutazama? Anaweza kuifanya mtazamaji? Kama yote hapana, ina sababu gani ambayo yeye ataiamini?
5. Hesabu F zako. Milango miwili iliyofungwa vizuri inatosha kwa mchezo wa dakika tatu. Ukifunga mitano, unamfundisha kushuku asichokishuku.
6. Mchezee mtu mmoja. Usimuulize kama amependa, atakujibu kwa adabu. Kesho yake mwombe amsimulie mwenzake mbele yako, unyamaze. Anachokiruka ni cha kupunguza. Anachokiongeza, ambacho hukukifanya, kiandike: huo ndio mchezo anaoutaka.
7. Akigundua siri, muulize aligundua wapi. Huenda umekata hatua iliyokuwa inafunga mlango. Irudishe.

## Makosa ninayoyaona sana

"Hizi ni karata za kawaida kabisa." Nani alisema si za kawaida? Mpe azishike, inatosha.

Kuchanga mwenyewe kwa mbwembwe. Maporomoko na feni za karata ni mazuri kuyatazama, lakini yanamwambia mtu kuwa mikono yako inaweza chochote. Baada ya hapo kila kitu kitaelezwa kwa "ana mikono myepesi".

Kunuiza na kupuliza. Hili nalisema kwa uzito. Katika jamii zetu wapo wanaoyaogopa mazingaombwe kwa dhati, na tendo la kunong'ona juu ya karata, unaloliona kikolombwezo, linaweza kumtisha mtoto au kumkera mzee wa nyumba. Halifungi mlango wowote. Liondoe, na ukiulizwa sema wazi kuwa ni ustadi na mazoezi.

Kukata ukimya. Wengi wakianza kupunguza hufyeka na zile sekunde mbili kabla ya kutaja karata. Ukimya ule ni hatua, na ni ya mtazamaji. Uache.

Kukata hatua usiyoielewa. Umejifunza mchezo kwa kukariri, ukaona kukusanya kwa mpangilio ni kupoteza muda, ukaweka safu pembeni badala ya katikati. Mchezo umeanguka mbele ya watu. Elewa hatua inafanya nini kwanza, ndipo uiguse.

KISANDUKU: Kabla hujakaa mkekani
☐ Naweza kusimulia mchezo huu kwa sentensi moja.
☐ Hakuna mahali ninapohesabu kwa midomo.
☐ Mtazamaji anazishika karata angalau mara moja.
☐ Kila tendo la M lina sababu anayoielewa.
☐ Karata aliyochagua ameonyeshwa angalau mtu mmoja mwingine.
☐ Najua nitasema nini akisahau.

Kuhusu hilo la mwisho: akisahau, usimbane akumbuke. Mgeukie aliyeonyeshwa, umwombe aendelee yeye, na mchezo uwe wa wawili hao. Na wakisema "rudia", zikusanye karata uziweke mfukoni. Wakikubana, wachezee ule wa karata jirani.